Mtu Ndani ya Gobore

Gobore la Bi Kalunde lilikuwa na mtu ndani yake.

Nyamizi alimgundua mara tu alipouvika mkono wake wa kulia glovu ya nyaya na kuweka kiganja juu ya chuma. Kwanza ulikuja msukumo begani, ule wa baruti inapolipuka karibu na shavu la mpigaji. Halafu ukaja mwangwi wa kile kilichopigwa. Mwangwi wa mti ni mkavu na hukatika upesi. Wa nguruwe pori ni mzito, una kishindo cha pili pale mnyama anapoanguka. Huu ulikuwa mwororo. Ulipanda hadi kwenye kiwiko, ukasita hapo, kama mtu aliyeanza kuuliza jambo akalisahau katikati.

Alisubiri moyo wake useme kitu. Haukusema. Saa moja asubuhi nesi alikuwa amempa maji baridi, ile sindano ndogo ya shingoni wanayopewa wasomaji wote wa magobore kituoni hapo kabla ya kazi, ili wasiondoke na vilio vya watu wengine miilini mwao.

"Kimya kimekuwa kirefu," alisema Bi Kalunde kutoka upande wa pili wa kioo. Alikuwa mrina asali kutoka kijiji cha Isangwa, mwanamke wa miaka sitini na ushee, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. "Kama ni wale ngedere, ni wawili tu. Na beseni la jirani. La beseni tulishapatana."

Watu kwenye foleni nyuma yake wakacheka. Mwanamume mmoja, aliyepakata gobore lake limefungwa kwa kanga kama mtoto mchanga, akasema, "Mama, ungama yote. Kuna na mimi hapo, uliponikosa mwaka juzi."

"Wewe sikukukosa. Nilikuacha."

Nyamizi alisoma mara ya pili, halafu ya tatu, kama kanuni inavyotaka. Mara ya tatu alifuata mwangwi ule hadi mwisho wake, na baada yake akakuta mwingine: wa udongo mkavu, mpana, wenye vumbi ndani. Kichuguu. Kila gobore lina kichuguu. Mhunzi akimaliza kazi, kabla hajamkabidhi mwenye mali, hupiga yeye mwenyewe pigo la kwanza kwenye kichuguu, ili kama chuma ni kibovu kipasuke mikononi mwake na si usoni mwa mteja. Kwa hiyo kichuguu hutangulia siku zote.

Hapa kilikuja cha pili. Mtu kwanza, kichuguu baadaye.

Aliitazama fomu kwenye skrini ya mezani. Ilikuwa na visanduku vitatu: kitu, mnyama, mtu. Hapakuwa na kisanduku cha kipi kilitangulia kipi. Kwenye mafunzo waliambiwa wasihangaike na mpangilio, kwamba chuma hakina kalenda. Akagusa kisanduku cha tatu, kikawa chekundu.

"Mama," alisema, "naomba ukae pale kwenye benchi. Askari atakuja kukuchukua."

Kicheko kwenye foleni kilikatika. Bi Kalunde aliitazama glovu, halafu akamtazama Nyamizi.

"Kunipeleka wapi, mwanangu? Nimeacha mizinga wazi."

*

Bunduki za kiwandani siku hizi zina macho. Ukiielekeza kwa mtu inajifunga, na ukiilazimisha inawaita polisi yenyewe. Majambazi walizikimbia kitambo. Gobore peke yake ndilo lililobaki halioni. Linafuliwa kwenye vibanda vya nyasi, kwa chuma cha kuokota, na halimuulizi mtu swali. Serikali ilijaribu kuyakusanya yote ikashindwa, kwa sababu misimu miwili mfululizo nguruwe pori walimaliza mihogo ya wilaya nzima ya Lwamba, na ndege zisizo na rubani zilizoletwa kuwafukuza zikaangushwa moja moja, kwa magobore.

Ndipo ukaja usomaji. Chuma kinachotikiswa na mlipuko hubaki na chapa ya mtikiso ule, na ndani yake chapa ndogo zaidi ya sauti iliyorudi kutoka kwenye kilichopigwa. Mashine huiona chapa, lakini haijui kutofautisha mtu na mbuzi. Mwili wa binadamu unajua. Kwa hiyo mashine huazima mishipa ya mkono wa msomaji, na msomaji huandika alichohisi. Kila kiangazi, kila mwenye gobore hulileta kituoni. Lisilo na mtu hugongwa muhuri na kurudishwa. Lenye mtu huyeyushwa ndani ya wiki mbili, na mwenye nalo huenda shamba la kifungo miaka ishirini. Shahidi mwingine hatafutwi. Juu ya mlango wa kituo cha Lwamba pameandikwa kwa rangi ya bluu: CHUMA HAKIDANGANYI.

Nyamizi alikuwa amesoma hapo miaka saba. Katika miaka hiyo alikuwa ameandika kisanduku cha tatu mara arobaini na moja. Mara ya tatu lilikuwa gobore la Sagali, kaka yake wa kuzaliwa.

Mkuu wa kituo alimwambia siku ile kwamba angeweza kumpisha msomaji mwingine. Alikataa. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ametoka chuoni, na aliona kumpisha mtu mwingine ni kama kuonyesha kwamba kazi yenyewe haina uhakika. Sagali alisimama pale pale aliposimama Bi Kalunde, akapiga kioo kwa kidole.

"Nyami," alimwambia, "sijampiga mtu mimi. Nimelitumia kwa nguruwe na kwa kelele za harusi ya Maduhu. Basi."

"Kaa kwenye benchi, kaka."

Alifariki kwenye shamba la kifungo kwa homa, masika ya tatu. Siku ya maziko Nyamizi alitokea kazini moja kwa moja, akasimama kando ya kaburi akihesabu miti ya mikaratusi. Alipofika ishirini na sita watu walianza kutawanyika. Mama yake hakumfokea. Tangu siku hiyo alimwitikia salamu tu, na simu yake hakuipokea.

*

Siku mbili baada ya Bi Kalunde kukamatwa, mzee mmoja alikuja kituoni akataka kuonana na "yule binti wa mkono." Hakuwa na gobore. Nywele zake zilikuwa nyeupe, na nyusi hakuwa nazo kabisa, zilishaungua. Nyamizi alitoka nje akamkuta amekaa kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Wangaluka, mzee."

"Wangaluka, mayo," aliitika mzee, akimwita mama kwa heshima. "Mimi ni Ngulati, mhunzi wa Isangwa. Lile gobore la Kalunde nimelifua mimi. Nimekuja kusema kwamba mtu mliyemkuta mle si wake."

"Ni wa nani?"

Mzee Ngulati alivuta pumzi kama anayepuliza moto. "Mwindaji akifa, gobore lake halibaki zima. Linavunjwa. Kipande chake kimoja kinaingia kwenye mtutu wa gobore la mrithi, ili jipya lisiende porini kama kipofu. Ndivyo tunavyofanya. Ndivyo alivyofanya baba yangu. Lile la Kalunde lina kipande cha mjomba wake, na mjomba wake alikuwa kwenye vita ya wezi wa ng'ombe, zamani hizo, hata wewe hujazaliwa."

Nyamizi alielewa sasa: mtu kwanza, kichuguu baadaye, kwa sababu mtu alikuja na chuma cha zamani. Aliviona vikipita mbele ya macho yake kama mistari ya kwenye ukurasa.

"Miaka yote hii, mzee. Kwa nini hamkusema?"

"Nani alituuliza? Ninyi mnaongea na chuma." Alicheka kidogo, akakohoa. "Na kuunganisha mtutu ni miaka mitano, sheria yenu wenyewe. Halafu jambo lenyewe halisemwi. Analijua mhunzi na mrithi, wengine hawaambiwi. Mrithi akilitangaza, gobore linakosa shabaha. Sasa mtu anasimama mbele ya kioo chenu, anajua kuna kipande cha babu mle, ila hajui babu alifanya nini nacho. Atasema nini? Ananyamaza, anajisemea, mimi sijaua, mashine itaona."

"Mashine haioni hivyo."

"Ndiyo nimekuja kukwambia."

Mfanyakazi mmoja alipita na ndoo. Nyamizi alisubiri hadi alipofika mbali.

"Mzee Ngulati," alisema Nyamizi, "Sagali Lugata wa Mtakuja. Ulimfulia wewe?"

Mzee alikitazama kitambulisho kifuani mwa Nyamizi, akalisoma jina polepole, midomo ikicheza. Uso wake ukabadilika.

"Lugata. Wewe ni wa kwao?"

"Ni kaka yangu."

"Nilimfulia mimi. Na kipande cha babu yenu."

"Babu naye alikuwa kwenye vita hiyo?"

"Walikuwepo wote, mayo. Walipiga usiku, kwenye magugu. Nani alimpata nani, hakuna anayejua."

Nyamizi aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda sokoni. Ndani yake alikuwa akitafuta. Alijaribu kukumbuka usomaji wa gobore la Sagali: msukumo, mwangwi mwororo, kichuguu. Au kichuguu, halafu mwangwi? Alikuwa amelisoma mara tatu, kwa mkono huu huu. Alikumbuka kidole cha Sagali kwenye kioo. Alikumbuka kwamba soli ya kiatu chake mwenyewe ilikuwa imeachia. Mpangilio hakuukumbuka. Maji baridi yalikuwa yameufuta, fomu haikuuandika, na gobore lilikuwa limeyeyushwa.

*

"Kaa," alisema Bwana Kahwa, mkuu wa kituo. Alimmiminia chai mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Wakati wa msiba wa Sagali ndiye aliyetoa gari la kubeba jeneza. "Nimesoma maelezo yako. Nani mwingine ameyaona?"

"Hakuna. Nitayasema Ijumaa, kwenye kesi."

"Utasema kwamba usomaji wote si wa kweli."

"Usomaji ni wa kweli. Mtu yumo. Hatujui ni wa nani."

"Ni kitu kilekile kwa hakimu." Alisukuma sukari upande wake. "Nyamizi, hebu tuongee kama watu wazima. Mkanga wa Kilimahewa alimuua mkewe. Majirani walisikia, wakaogopa kusema. Chuma ndicho kilisema. Ukisimama Ijumaa, Mkanga anarudi nyumbani, na watoto wake wako palepale. Umewafikiria?"

"Nimewafikiria."

"Na?"

"Sijui."

"Huyo Ngulati ukimtaja, miaka mitano. Mzee wa miaka themanini."

"Nilimwambia. Amesema nimtaje. Amesema akifungwa kwa alichokifanya hatalalamika."

Bwana Kahwa aliinamisha kichwa. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya upole, na Nyamizi alijua upole ule ni wa kweli.

"Na Sagali? Leo hii kaka yako ni mtu aliyeua, na wewe ni dada aliyetenda haki ingawa iliuma. Ukisema hayo Ijumaa, kaka yako anakuwa nani? Na wewe unakuwa nani, mwanangu? Mimi nakuonea huruma wewe. Kile kitabu kimefungwa. Mwache mama wa watu apate mwanasheria, tuombe apunguziwe. Mwakani tutaongeza kisanduku kwenye fomu, taratibu, bila kelele."

Nyamizi alikunywa chai. Bwana Kahwa aliruka kwenye kiti.

"Weka chini! Imetoka jikoni sasa hivi, inachemka!"

Akaiweka. Ulimi ulikuwa umebadilika, kama kipande cha kitambaa kinywani. Hapakuwa na maumivu.

*

Jumatano na Alhamisi hakuchomwa maji baridi. Alimwambia nesi anataka kusikia uchungu wake kwanza ndipo aamue. Nesi, mama mmoja mwenye haraka ambaye humsemesha kila mtu kama mgonjwa wa wodini, alimshika kidevu akammulika machoni.

"Miaka saba, halafu unataka yatoke kwa siku mbili? Haya hayatoki hivyo, mdogo wangu. Kuna mwenzako aliyestaafu, mpaka leo anaangalia mjukuu kama anaangalia meza. Nenda kapumzike."

Nyamizi hakupumzika. Alikaa kwenye chumba chake cha kupanga, akatandaza picha za Sagali kitandani. Ile ya kipaimara. Ile akiwa amebeba mtungi wa gesi kichwani kwa mashindano. Akasubiri. Alijifinya mkono. Alijaribu kusema kwa sauti, "Nimemuua kaka yangu," na maneno yalitoka yamenyooka vizuri kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Nje jirani alikuwa akimwita mbuzi wake.

Alikuwa ametegemea moyo umwelekeze. Sasa aliona kwamba hautamwelekeza, si leo wala wiki ijayo, na Ijumaa haitasubiri. Basi akachukua karatasi akafikiri bila moyo, kama anayefanya hesabu ya mtu mwingine. Mkanga akiachiwa, watu watajua ameachiwa, watoto wanaweza kuhamishwa, majirani wanaweza kuulizwa upya. Bi Kalunde akifungwa, hakuna atakayeuliza tena kitu. Kwa Sagali hakuandika chochote. Alitazama lile pengo kwenye karatasi kwa muda mrefu, halafu akaenda kupiga pasi gauni lake.

*

Kesi ilisikilizwa kwenye ukumbi wa kituo, mbele ya Hakimu Ndimbo, mwanamke mwembamba aliyekuwa akiandika kwa mkono ingawa mbele yake palikuwa na mashine ya kunukuu. Bi Kalunde alikuwa amefungwa pingu kwa mbele. Alikuwa amepungua. Watu wa Isangwa walijaa hadi dirishani.

"Msomaji," alisema hakimu, "thibitisha usomaji wako."

"Mheshimiwa, ndani ya gobore hili kuna mtu aliyepigwa. Lakini siwezi kusema alipigwa na Bi Kalunde."

Ukumbi ukavuma. Bwana Kahwa, aliyekaa kiti cha mbele, aliinamia viatu vyake.

Nyamizi alieleza yote. Alieleza kipande cha mrithi, na kichuguu kilichokuja cha pili, na fomu isiyo na mahali pa kuandika mpangilio. Mzee Ngulati aliitwa, akasema ndiyo, ni yeye, na kwamba kabla yake alikuwa baba yake, na kwamba kila gobore la kurithi wilaya ile lina wafu wa watu wengine ndani. Hakimu aliweka kalamu chini.

"Wewe binafsi umethibitisha kesi ngapi za namna hii?"

"Arobaini na moja, mheshimiwa. Hii ni ya arobaini na mbili."

"Na katika hizo, ngapi unazitilia shaka?"

"Zote."

"Hakuna hata moja unayoweza kuisimamia leo?"

Nyamizi aliona mahali pa kutokea. Angeweza kusema: ipo moja, ya tatu, ile nakumbuka vizuri, kichuguu kilitangulia. Hakuna duniani ambaye angeweza kumbishia. Gobore lenyewe lilikuwa limeshageuka bawaba za milango ya shule.

"Hakuna," alisema. "Ya tatu ilikuwa ya kaka yangu. Amefia kifungoni. Nayo siwezi kuisimamia."

Mtu mmoja dirishani alisema "Mungu wangu" kwa sauti ya chini, na hakimu hakumkemea.

Saa sita mchana Bi Kalunde aliachiwa kwa dhamana, usomaji ukasimamishwa wilaya nzima, na Mzee Ngulati akachukuliwa na askari wawili waliomshika mikono kama wanamsaidia kupanda ngazi. Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni. Bi Kalunde alimfikia, akasugua vifundo vya mikono palipokuwa na pingu.

"Ulitaka kunifunga, wewe."

"Ndiyo, mama."

"Ungenifunga kabisa, na mimi nikakuita mwanangu."

"Ndiyo."

Bi Kalunde alimtazama usoni, akitafuta kitu. Hakukipata. "Unaumwa wewe," alisema hatimaye, na akaenda kwa watu wake, waliokuwa wakimwita.

*

Alimpigia mama yake kutoka nyuma ya jengo, mahali wanapotupa majivu. Simu iliita ikakatika. Akapiga tena. Mara ya nne ilipokelewa. Alisikia kuku, na mwiko ukigonga sufuria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimetoka kwenye kesi. Usomaji wa Sagali ulikuwa na kasoro. Inawezekana yule mtu alikuwa wa babu. Inawezekana hakuwa wa babu. Hatutajua. Nimeona nikwambie mimi kabla hujasikia kwa watu."

Mwiko uliacha kugonga.

"Wewe ndiyo kwanza unajua leo," alisema mama yake.

"Ndiyo."

"Mimi nilijua siku ileile. Aliniambia hakuua. Kwangu ilitosha."

"Na mimi aliniambia, mama."

Nyamizi aliegemea ukuta. Aliangalia majivu, na mdudu mwekundu akivuka juu yake akiacha alama ndogondogo.

"Mama, silii," alisema. "Najaribu tangu juzi. Nimetoa picha zake, nimeziangalia. Silii. Sijui nifanye nini."

Aliisikia pumzi ya mama yake upande wa pili, ikikatika, ikirudi, kama mtu anayepanda mlima na mzigo.

"Njoo nyumbani," alisema mama. "Nitalia mimi. Wewe utakaa tu."